Maswali yenu: Samaki mdogo akirudishwa ziwani

*Shikamoo mzee. Nimepata sangara wa sentimita 48. Si karibu na 50?*

Marahaba. Hapana. Sheria ya Ziwa Victoria inataka sangara asipungue sentimita 50. Mrudishe.

*Unapima kutoka wapi hadi wapi?*

Hili nimelijibu mara nyingi mno. Ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, samaki akiwa amelala, si akiwa ananing'inia mkononi. Chora alama ya 50 ubaoni mwa mtumbwi kabla hujatoka mwaloni Igombe, umalize mjadala.

*Nilimrudisha mdogo akaelea tumbo juu, korongo akambeba. Basi kuna faida gani?*

Swali hili nimelisubiri muda mrefu. Sheria ya ukubwa inamsaidia samaki kama tu yule unayemwachia anaendelea kuishi, na hapo wengi wetu tunaovua kwa fimbo na ndoano tunafanya vibaya. Sangara ana bondo, lile lile mnalouza ghali sokoni Kirumba, Mwanza. Ni mfuko wa hewa. Ukimvuta haraka kutoka kina kirefu, hewa hutanuka na yeye hawezi kuicheua, ndiyo maana anaelea. Mara nyingine utaona kitu cha waridi kimejaa mdomoni. Watu hukitoboa kwa kisu wakidhani ni bondo. Hilo ni tumbo lake! Ukilitoboa umemwongezea jeraha juu ya tabu aliyonayo.

Chukua kikapu cha plastiki, kipindue, funga mawe kwenye ukingo na kamba kwenye kitako. Mfunike nacho, mshushe taratibu. Akifika chini hewa inasinyaa, anaogelea mwenyewe. Nafuu zaidi, ukianza kupata wadogo kwenye kina kirefu, hama.

Na lowesha mikono! Juzi nilimwona kijana amemfuta sangara kwa tisheti kavu ili picha itoke vizuri. Ute wote ulibaki kwenye kitambaa, na ule ute ndio kinga yake dhidi ya magonjwa. Picha tatu juani, halafu "nimemwachia". Umemwachia nini?

*Akimeza ndoano?*

Kata mshipi karibu na mdomo, usichokonoe. Ndoano ya duara hunasa pembeni mwa mdomo, anzeni kuitumia. Damu ikitoka kwenye matamvua, uwezekano wa kupona ni mdogo sana.

*Mkubwa wa mita moja na zaidi naye nimrudishe? Huyo ndiye tunayemtafuta!*

Mimi humrudisha. Nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilipokubaliana sangara wa kuchakatwa viwandani awe kati ya sentimita 50 na 85, zilikuwa na sababu. Dume hukomaa mapema. Jike huchelewa, wengi wakiwa wameshapita sentimita 70, na jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo hata yule wa 50 unayembeba kihalali, kama ni jike, huenda hajataga hata mara moja. Mkubwa usimning'inize kwa taya, uzito wake mwenyewe unamuumiza. Mshike kwa mikono miwili, majini.

*Wenye makokoro, zile nyavu za kukokota, wanazoa wachanga kwa ndoo. Mimi wa fimbo moja nina kosa gani?*

Kokoro limepigwa marufuku na anayelitumia anaharibu mazalia. Ukiliona, toa taarifa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wako. Ila yule mchanga aliye mkononi mwako hakuletwa na kokoro.

*Sato je?*

Asipungue sentimita 25. Na ukimshika akatema mayai au vifaranga, huyo ni mama anayelea watoto mdomoni. Mwachie hapo hapo, usihamie naye upande wa pili wa mtumbwi.