Shule ya Yale haikuuza dawa ya kuachisha pombe

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kuna mtu mtaani kwetu anayeuza kozi ya siku tatu ya unasihi wa walevi, pamoja na unga wa kumtilia mlevi kwenye chai bila yeye kujua. Anadai kwamba mbinu yake imetoka katika shule iliyoanzishwa na Alcoholics Anonymous, yaani chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, huko Marekani mwaka 1943, ambayo ilithibitisha kuwa kila mlevi hupita hatua zilezile. Je, ni kweli?

Jibu: Mwalimu, mwaka aliokutajia ni sahihi, mengine ni porojo ambazo nimezisikia hadi nimechoka. Shule ya Majira ya Joto ya Masomo ya Pombe ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, katika maabara ya fiziolojia iliyokuwa chini ya Howard Haggard, na mwendeshaji wake alikuwa E. M. Jellinek, mtafiti wa ulevi. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilikuwa imefutwa miaka 10 tu kabla ya hapo, na mabishano kati ya waliotaka irudi na waliofurahia kuondoka kwake yalikuwa hayajapoa. Shule ikawakalisha pamoja wachungaji, walimu, maofisa ustawi wa jamii na wanaharakati wa kupinga pombe, wafundishwe na wataalamu wa fani mbalimbali. Mihadhara 29 ilichapishwa mwaka 1945 pamoja na majadiliano yaliyofuata. Bill Wilson wa Alcoholics Anonymous alialikwa kuzungumza, na Marty Mann, mwanachama mwenzake, alisoma hapo mwaka 1944; ndipo wageni wakaja kudhaniwa kuwa wenye nyumba. Wagonjwa walihudumiwa kwingine, katika kliniki ambazo Yale ilifungua mwaka huo huko New Haven na Hartford.

Linaloniudhi zaidi ni hizo hatua. Jellinek alizichambua mwaka 1946 kutokana na dodoso ambalo hakulitunga yeye, bali lilitungwa na wanachama wa Alcoholics Anonymous na kusambazwa kupitia jarida lao. Yalirudi majibu 158, naye akatumia 98, yote ya wanaume. Ya wanawake aliyaweka kando kwa sababu yalitofautiana mno na ya wenzao. Mwenyewe alikiri upungufu wa takwimu hizo, lakini waliokuja baadaye waliondoa tahadhari zake, wakabakiza mchoro wa hatua hizo unaobandikwa ukutani kana kwamba umeteremshwa kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1962, shule na kituo chake zilipohamia Rutgers, jimboni New Jersey, mtu yeyote mwenye mchoro huo na mhuri amejiona mtaalamu.

Unga nao ni hatari ya aina nyingine. Baadhi ya dawa halisi za kuachisha pombe, kama vile disalfiramu, hutolewa kwa ridhaa ya mgonjwa na chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa asiyejua kwamba ameimeza ataendelea kunywa, dawa itapambana na pombe mwilini, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla, na anaweza kufa. Hata bila unga wowote, aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa pombe kwa mkupuo mmoja anaweza kupata degedege, jambo ambalo sijaona kozi ya siku tatu ikilitaja. Kama kuna aliyekwisha kutiliwa unga huo, mwambieni ukweli, asiguse pombe, na apelekwe hospitali leo hii pamoja na pakiti yenyewe, hata kama imebaki tupu.