Kumweleza daktari maumivu yaliyozidi

Mgonjwa wetu akiulizwa na daktari, "Unaendeleaje, mama?", jibu la kwanza ni "Alhamdulillahi, tunamshukuru Mungu." Daktari ana foleni mlangoni. Anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, anaongeza Panadol, anaitwa anayefuata. Adabu imetimia, na maumivu yamerudi nyumbani vilevile yalivyokuja.

Nimemuuguza mama mkubwa, saratani ya titi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa ya mgongo, mpaka alipotutoka. Wanaouguza leo nawaambia kwamba maumivu makali yana dawa, lakini dawa hufuata maelezo. Kwa hiyo salamu ziishe, kisha mwuguzaji aingilie kwa heshima: "Samahani daktari, usiku halali. Hawezi kujigeuza. Tangu juzi anasali ameketi." Maneno hayo yalitusaidia kuliko "anaumwa sana", maana kila aliye kwenye benchi anaumwa sana.

Halafu mwache mwenyewe aseme yanaumaje, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, wala msimsahihishe. Panapowaka moto, panapopiga shoti au panapoingia ganzi, mara nyingi ni neva, na daktari anaweza kuandika amitriptilini. Msishtuke mkisoma kwamba ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo hutuliza neva. Tumbo linalosokota likaachia, kisha likasokota tena, huenda likahitaji dawa ya kulegeza misuli ya utumbo, kama Buscopan. Mfupa unaouma palepale na kuzidi mtu akijitikisa unaweza kutulizwa na dawa za jamii ya ibuprofen, kama tumbo na figo zinaruhusu, au kwa mionzi. Akisema tu "naumwa mwili mzima", daktari atabaki kubahatisha.

Jambo moja halisubiri kliniki: mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo akianza kuishiwa nguvu miguuni, au mkojo ukagoma kutoka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na akicheleweshwa huenda asitembee tena.

Kuhusu kipimo, wengi huulizwa wataje namba kati ya sifuri na kumi. Mama mkubwa aliikataa. "Kumi ya nini, mwanangu, ya shilingi?" Muuguzi mmoja akatufundisha mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Hilo akalielewa mara moja, na hata siku alizochoka kusema, aliinua vidole.

Sasa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kwetu likitajwa jina hilo, watu wanafikiria mateja au jeneza. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya kutibu maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini imo kwenye kipandio cha juu kabisa. Leo mwenye maumivu makali halazimiki kuanzia chini. Uganda, hospisi, yaani huduma ya kuwatuliza wenye magonjwa yasiyopona, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ilisambaza mofini ya maji, ya kunywa, hadi majumbani kwa wagonjwa. Tanzania huduma ya namna hii inaitwa tiba shufaa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanayo, na baadhi ya hospitali za rufaa na za makanisa pia. Iombeni kwa jina hilo, tena mapema. Si ya wanaokata roho peke yao.

Mofini ya maji hufuata saa. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, hata kama mgonjwa ametulia, kwa sababu ametulia kwa ajili yake. Mkingoja mpaka alie, mtakuwa mnayakimbiza maumivu usiku kucha. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ya saa nne usiku daktari aliiongeza ili apate kulala. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iombeni siku ileile mnayopewa mofini. Chupa ifungiwe, asipewe mwingine hata akilia jino, na kipimo kisibadilishwe na mtu yeyote ila daktari au muuguzi wake.

Nunueni daftari la shule. Andikeni saa, kipimo, na vidole kabla na baada ya dawa. Kliniki inayofuata daftari hilo litazungumza hata mgonjwa akirudia "tunamshukuru Mungu".

Atakuja pia ndugu kutoka mbali, akae kitandani na kusema, "Hizo dawa zinamlevya, zipunguzeni." Mpeni kiti, mpeni chai. Ikifika saa nne, mpeni mgonjwa dawa yake.