Jibu: Kurosawa, anza na Seven Samurai

Ndugu, umeuliza uanze na filamu ipi ya Akira Kurosawa, yule mwongozaji wa Japani, ukahofia kwamba Seven Samurai ya 1954 ni ndefu mno. Anza na hiyo hiyo! Inazidi saa tatu, kweli, lakini hutazihisi.

Angalia pale mwanzoni, Kambei, samurai (shujaa wa vita wa Japani ya kale), anaponyolewa kichwa kando ya maji ili ajifanye mtawa na kumwokoa mtoto aliyetekwa na mwizi. Bado hujaambiwa lolote kumhusu, ila ukiona wanakijiji walivyokodoa macho unajua huyu si mtu wa hivi hivi, maana samurai hanyoi nywele zake ovyo. Anayeigiza ni Takashi Shimura, na kwangu mimi ndiye moyo wa filamu, ingawa wengi humsifu mwigizaji mwenzake, Toshiro Mifune. Mifune naye, jamani! Anaruka, anajikuna, anafoka, hubandui macho.

Pambano la mwisho la samurai na majambazi waliovamia kijiji, kwenye mvua na matope, lilipigwa kwa kamera kadhaa kwa mpigo, ndiyo maana farasi unawaona kama wanakupitia juu.

Ukimaliza, mfuate Shimura kwenye Ikiru ya 1952, filamu nyingine ya Kurosawa, akiwa mtumishi wa serikali mwenye saratani ya tumbo. Ila usiitazame kwenye simu, tafadhali.