Choya ya baba yako

Mwanangu Salim,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema umepimwa presha kazini ikaonekana 158/96, na kwa miaka yako 39 hutaki kuanza vidonge. Unaniuliza ile choya, chai ya maua mekundu niliyokuwa nikimchemshia baba yako, ilikuwa kipimo gani, na alikunywa vikombe vingapi kwa siku. Nakuandikia kwa sababu kwa sauti ningeishia njiani.

Kipimo nitakupa. Kwanza nikwambie jambo ambalo hujaniuliza, na ambalo hata mbele ya dada zako sijalisema.

Mwaka ule wa 2014 ulikuwa chuoni Dodoma. Zahanati walimkuta baba yako na 178/104, wakampa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi. Mwezi huohuo shangazi yako wa Pangani akanisifia choya, nami nikaanza kumchemshia. Akawa anameza kidonge, anashushia na choya. Miezi mitatu baadaye tukarudi kupima: 136/84. Nesi akampongeza. Nikadakia mimi kabla baba yako hajafungua mdomo: "Hiyo ni choya yangu." Nilitoka pale nimevimba kichwa. Jioni nzima barazani nikawa nawasimulia majirani, na wawili wakaja kuniomba maua.

Usiku ule baba yako akaniuliza, "Sasa kama ni choya, hivi vidonge navimezea nini?" Nikacheka. Nilicheka tu, mwanangu, sikumjibu.

Ramadhani ikaingia. Akasema atakuwa anameza wakati wa daku, nami nikaamini, sikuwahi kuhesabu. Choya alikunywa kila futari, jagi zima. Kichwa hakikumuuma, kizunguzungu hakuona, akawa anasema hajajisikia mwepesi vile tangu ujana wake. Presha haipimwi kwa kujisikia. Najua mmechoka kunisikia nikisema hivyo, hata wajukuu wananiigiza, lakini sasa unajua nimelitoa wapi neno hilo.

Mfungo Mosi, siku tisa kabla ya harusi ya dada yako Mwanaidi, alikuwa barazani anamalizia kanzu ya bwana harusi. Unakumbuka darizi ya shingoni hakuitia cherehani kamwe, aliishona kwa mkono. Nikasikia mkasi umeanguka. Nilipotoka na chai nikamkuta anauokota kwa mkono wa kushoto. "Mkono umekufa ganzi," akasema, ila maneno yalitoka mazito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, na pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa imelegea. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini darasani, nikakaa kumsugua mkono kwa mafuta ya nazi nikidhani ni ubaridi. Karibu saa nzima. Kiharusi kinahesabiwa kwa dakika, na mimi nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfutia mafuta.

Wewe ulifika Jumapili, ukamkuta tayari kitandani. Watu walikuwa wameshaanza yale ya kwao, kwamba amechezewa kwa ajili ya harusi, kama walivyosema babu yako alipigwa na upepo. Mimi sikubishana na mtu, kwa maana nilikuwa nimeshaona. Nilipotaka kuipeleka ile kanzu kwa fundi mwingine niliingia kwenye kopo la vifungo kutafuta vile vyeupe vidogo, na chini yake nikakuta pakiti nne za vidonge, kumi kumi, hata kimoja hakijatobolewa.

Miaka minne aliyoishi baada ya hapo hakutunga tena uzi kwenye sindano. Hayo mliyaona wenyewe.

Sasa usinielewe kwamba choya ni uongo. Mwaka 2010 watafiti wa kule Boston walichapisha utafiti wao: watu 65 ambao presha zao zilikuwa juu kidogo tu, baadhi wakapewa vikombe vitatu vya choya kwa siku, wiki sita. Namba ya juu ikashuka kama 7 hivi kwa wastani. Ni dawa, naam. Ila piga hesabu, wewe ni mtu wa hesabu. Toa 7 kwenye 178. Unabaki na 171. Baba yako alikuwa ameshuka kwa 42. Nyingine zote zilikuwa za nani? Za kile kidonge alichokificha chini ya vifungo, na kidogo za chumvi tuliyopunguza. Sifa zote nikazipeleka kwenye sufuria yangu.

Utasema, lakini Mama, wewe mwenyewe humezi dawa. Kweli simezi. Nami nilikutwa na 152/94 mwaka mmoja baada ya kumzika, na daktari akanipa miezi michache nijaribu kwanza kwa chakula na miguu, huku nikipimwa. Kwa hiyo siwezi kukuambia njia hizi hazifai, nitakuwa mwongo. Zilinifaa. Lakini kilichonifaa hakikuwa jani wala ua.

Kilikuwa chumvi. Kaa uhesabu kama nilivyohesabu mimi. Pakiti ya nusu kilo ilikuwa inatuishia siku ishirini, mimi na Mwanaidi. Gramu 500 kwa siku 20 ni 25 kwa siku, wawili ni 12 na nusu kila mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hicho ni cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate, ng'onda, achari na vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Sisi tulikuwa zaidi ya mara mbili kabla hata sijagusa ng'onda. Nilipunguza taratibu. Wiki mbili za kwanza mchuzi ulikuwa kama maji ya kuoshea, Mwanaidi akanuna kweli kweli. Mwezi wa pili ulimi ukazoea, nikaongeza ndimu, tangawizi na pilipili manga, na sasa nikila kwa watu naona chumvi inanichoma. Siku hizi pakiti inafika siku hamsini.

Nikatembea. Kila jioni hadi Raskazone na kurudi, nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi, siku tano kwa wiki. Maharage na mchicha nikaongeza, wali nikapunguza, maandazi nikaacha, ingawa hilo liliniuma kuliko chumvi. Kilo sita zikatoka. Baada ya miezi sita nikawa 130/82. Kila namba imo kwenye lile daftari la kijani, tangu siku ya kwanza.

Lakini mimi nilianzia 152, siyo 178. Na nilikuwa na daktari anayeniangalia. Na wewe umeanzia 158 ukiwa na damu ya baba yako na ya babu yako. Hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu usiku, kwa maana nikikusifia chumvi na miguu naogopa utasikia "Mama kasema vidonge siyo lazima," na nikikutisha kwa habari ya baba yako naogopa utaona kama njia hizi ni mchezo, uendelee na chipsi huku unameza kidonge. Watu wengi wanahitaji vyote viwili. Kidonge hakikatazi mtu kupunguza chumvi.

Hata hiyo 158 yenyewe siiamini bado. Umesema ulipimwa umetoka kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kahawa iko mkononi, na wenzako wanakupigia soga. Presha haipimwi hivyo. Asubuhi, umeshakwenda haja ndogo, hujanywa chai wala kahawa, kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, miguu sakafuni isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kipimo cha kuvaa juu ya kiwiko, siyo cha kifundo cha mkono. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati. Jioni tena. Siku saba. Siku ya kwanza itupe, zinazobaki tafuta wastani, upeleke kwa daktari. Na ukiona namba ya juu imefika 180 au ya chini imefika 110, ukarudia ikabaki palepale, usingoje siku saba wala usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali.

Kingine, vile vidonge vya mgongo unavyonunua duka la dawa. Diklofenaki inapandisha presha. Baba yako alikuwa akivimeza kwa sababu ya kuinama kwenye cherehani, na hakuna aliyemuuliza. Mwambie daktari unavyomeza, na choya pia mwambie, asije akakuandikia kitu bila kujua unakunywa nini.

Nilikuwa nimeandika hapa maneno mawili, nikayakata. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utayaona. Una mke, una watoto wawili, una daktari wako, na mimi niliwahi kutoa hukumu ya dawa barazani kwa mdomo wangu na unajua ilinifikisha wapi. Kwa hiyo siamui. Ila nikikwambia sina ninalolitaka nitakuwa nakudanganya.

Mwanaidi anakuja huko Jumamosi. Nimempa mashine yangu ya kupimia, mimi nitakwenda kupimwa zahanati hadi urudishe. Nimempa na daftari jipya, nimekuchorea safu za tarehe, asubuhi na jioni.

Choya nimekufungia robo kilo, ni ya uwanjani kwetu, nimeianika mwenyewe. Kipimo chake ni konzi moja ya maua makavu kwa lita moja ya maji, chemsha dakika kumi, chuja, usitie sukari. Vikombe vitatu kwa siku. Baba yako alipenda kuitia karafuu mbili.

Nitumie namba za siku saba kabla hujainjika sufuria.

Mama yako