Re: Nimemaliza deni la kadi ya mkopo (credit card) ya zamani, niifunge?
Mkuu usiifunge, labda kama wanakukata ada ya mwaka. Ukiifunga limiti yako ya jumla (kiasi chote unachoruhusiwa kukopa kwenye kadi zako) inashuka, kwahiyo hata kama deni la kadi zingine halijaongezeka hata senti, asilimia ya limiti unayotumia inapanda ghafla na inaweza kukushushia skoa, maana kwenye FICO, ile skoa ya Marekani ya kupima unavyoaminika kukopeshwa, kipengele cha kiasi unachodaiwa kina uzito wa 30%, kulipa kwa wakati ndo 35%. We nunulia kitu kidogo mara mojamoja isije ikafungwa kwa kukaa bure, halafu lipa yote. Na hao wanaokwambia uache deni kidogo lizunguke ili skoa ipande wanataka ulipe riba bure tu, achana nao. Kuomba kadi tatu kwa mpigo nako hapana aisee.