Kabla hujameza kidonge cha kuponya kiwewe

Mdogo wangu aliyeko Melbourne alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, huku kuna dawa ya hilo tatizo lako." Tatizo langu ni ajali ya basi karibu na Kibaigwa. Nilitoka mzima wa mwili, lakini miaka miwili nzima sikuweza kusogelea stendi ya mabasi ya Nanenane hapa Dodoma. Breki za upepo zikilia "pshii", mikono inakufa ganzi na ninamsikia tena yule mama wa kiti cha nyuma akimwita mwanawe.

Nikaanza kusoma. Dawa yenyewe ni MDMA, ile ile inayouzwa mitaani kwa jina la "ecstasy", na matumaini yake si porojo. Katika jaribio lililofanyika zaidi Marekani na kuchapishwa 2023, lenye washiriki 104, asilimia 71 ya waliomaliza wakiwa wamepewa dawa pamoja na tiba ya mazungumzo hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe. Waliopata kidonge kisicho na dawa ndani, pamoja na mazungumzo yaleyale? Asilimia 48. Namba hiyo ya pili niliisoma mara tatu. Karibu nusu yao walifika huko bila MDMA, wakiwa na watu waliofunzwa kuwasikiliza.

Australia imeiruhusu tangu Julai 2023, kwa madaktari wa akili wenye kibali maalumu tu. Marekani ilikataa kuiidhinisha Agosti 2024 na kutaka jaribio jingine, na moja ya mashaka yaliyotolewa ni kwamba washiriki wengi waliweza kubashiri kama wamepewa dawa halisi. Dawa hii hupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana kwenye majaribio mgonjwa alikaa na wataalamu wawili kwa takriban saa nane mfululizo. Na hata hao si malaika: katika jaribio la awali huko Kanada, wataalamu walivuka mipaka kwa mgonjwa wao wa kike. Mtu akiwa chini ya dawa hii anafunguka na kuamini upesi. Mimi kama mwanamke, hilo lilinikosesha usingizi.

Sasa njoo hapa kwetu Tanzania, ambako MDMA ni dawa ya kulevya kisheria. Jamaa mmoja alinifuata kwenye simu akiuza vidonge vya "uyoga wa kuponya moyo", vimo kwenye kimfuko kisicho na jina. Nikamwuliza: ndani kuna nini, kiasi gani, na je, vinapatana na sertralini, dawa ya sonona na kiwewe ninayotumia? Hakujibu hata moja. Ndugu yangu, usinunue. Hasa kama una presha, au kwenu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa akili. Wala usiache dawa za hospitali ili kupisha hizo.

Mimi nilikwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma. Najua jina hilo linavyotisha. Jirani akikuona getini, mtaa mzima umeshajua. Mshauri alinisimulisha ajali mwanzo hadi mwisho, wiki baada ya wiki, mpaka nikaweza kufika kwa yule mama bila kukimbia. Kisha akanituma stendi, nikae benchi dakika kumi tu, nirudi nyumbani. Nililia njia nzima. Wiki iliyofuata, dakika ishirini.

Siku MDMA itakaporuhusiwa hapa, mikononi mwa daktari, nitakwenda kuuliza. Kwa leo, kama umekwama nilipokwama mimi, nenda kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nawe. Mara ya kwanza nilisimama dirishani nikakosa maneno, nikageuka kuondoka. Sema tu: "Nilipata ajali, silali." Watakuelewa.