Maswali na Majibu: Sarafu za Saba na Himyar, falme za kale za Yemen, hazina mwaka

Nimeona mtandaoni sarafu ya fedha ya Saba yenye bundi. Muuzaji ameandika "mwaka 350 KK". Niamini? (Msomaji, Tanga)

Usiamini. Swali hili linakuja kila mara na jibu ni lile lile: sarafu za kale za Yemen hazikuandikwa mwaka. Hiyo ya bundi iliiga fedha ya Athens, upande mmoja kichwa cha mungu wa kike Athena, upande wa pili bundi. Mafundi wa Saba waliongeza herufi ndogo ya musnad, mwandiko wa kale wa Yemen, shavuni mwa Athena, kuonyesha kama ni sarafu nzima, nusu au robo. Herufi hiyo inakwambia kima tu. Mfalme humjui, mwaka huujui. Anayekutajia mwaka kamili anakuuzia maneno. Wataalamu wenyewe hutaja karne, na bado wanabishana.

Karib'il wa kwenye sarafu ndiye aliyempelekea zawadi mfalme wa Ashuru? (Mombasa)

Siye. Karib'il anayetajwa na Sennacherib aliishi mwanzoni mwa karne ya 7 KK, kabla Saba haijapiga sarafu hata moja. Yule wa sarafu ndogo za Himyar, zenye jina la kasri la Raydan, ni wa karne ya 1 BK. Wafalme wa kule walirudia majina, Karib'il, Yada'il, Yatha'amar, pamoja na lakabu chache kama Watar na Bayyin. Musnad haiandiki irabu, na kwenye kipande cha fedha kidogo kuliko ukucha wa dole gumba herufi nyingine hukatika ukingoni. Halafu mtu anafungua orodha ya wafalme kwenye intaneti, anachagua jina linalofanana, kamaliza! Msifanye hivyo.

Mwaka wa Himyar, ule wa kwenye maandishi ya mwambani, naugeuzaje kuwa BK?

Toa 110. Maandishi ya mwambani ya mwaka 633, ya zama za mfalme Yusuf As'ar (Dhu Nuwas), ni ya 523 BK. Vitabu vya zamani hutoa 115, kwa hiyo angalia mwandishi katumia kipi kabla hujamnukuu.

Nisafishe kwa ndimu?

Hapana. Wala siki, wala dawa ya meno.

Haya yanatuhusu nini watu wa pwani?

Yanatuhusu sana. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK, unamtaja Charibael wa Zafar, mfalme wa Himyar na Saba, na wengi humlinganisha na Karib'il wa sarafu. Mwongozo huo huo unasema Rhapta, bandari ya pwani yetu, ilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, huko huko Yemen.

Babu alikuja na sarafu kutoka Hadhramaut. Zina thamani gani?

Bei sitaji hapa. Mimi nauliza zilipatikana wapi, na pamoja na nini. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilikutwa pamoja na dinari za dhahabu, ya karibuni kabisa ikiwa ya 1066. Ndipo tarehe za watawala wa mwanzo wa pwani zikasogezwa nyuma. Zingeuzwa mojamoja, tusingejua kitu. Yemen imeporwa sana tangu vita, hadi Baraza la Kimataifa la Makumbusho likatoa orodha ya tahadhari mwaka 2018. Usinunue za kuongezea. Hizo za babu, andika alivyosimulia: kijiji, mwaka, nani aliziokota. Zipige picha pande zote mbili, zipime uzito, kisha zipeleke makumbusho pamoja na karatasi hiyo.